Mwaka Tuliofundisha Watu Mapango

Wasifu wa marehemu ulisomwa na binamu yake, mbele ya kaburi lililochimbwa pembeni mwa kibanja cha migomba cha kwao Kaisho, na haukuzidi ukurasa mmoja. Novatus alizaliwa, akabatizwa, akasoma hadi kidato cha nne, "na baada ya hapo marehemu hakuwa na kazi maalumu, alikaa nyumbani akimsaidia baba yake kuchunga." Ikafuata homa ya siku nne, yakafuata majina ya wafiwa, ikafuata sala. Nilikuwa nimesimama katikati ya akina mama, kitenge kiunoni, jua la saa nane utosini, nikahisi hasira inanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikuwa nimetoka Mwanza, nimekaa kwenye basi siku nzima, kuja kuambiwa kwamba mtu niliyejua kazi yake kuliko yeyote aliyesimama pale hakuwa na kazi. Na kama hilo halikutosha, wakati wa chakula, nikiwa kwenye foleni ya kunawa mikono, wanawake wawili mbele yangu walikuwa wakimzungumzia kwa sauti ya chini, ile sauti ya msibani ambayo watu hudhani haisikiki.

"Mpole, masikini. Hakuwa na makuu."

"Mpole kweli. Ila unakumbuka ule mwaka alipokimbilia Kituntu? Mzee akamfuata, akamkuta anacheza gemu. Tena gemu lenyewe linamshinda. Anakufa, anaamka, anakufa tena."

Wakacheka kidogo, mkono mdomoni. Nilinawa, nikapokea sahani ya ndizi na nyama, nikakaa nayo mapajani mpaka ikapoa. Ningeweza kuwageukia nikawaambia ukweli, na mdomo wangu unavyojulikana, wangeukumbuka. Sikuwaambia. Mtu wa kwanza niliyepaswa kumwambia alikuwa amekaa kibarazani na fimbo yake, baba mzazi, na nilikuwa nimechelewa kumwambia kwa zaidi ya miaka kumi.

Sitaeleza nilizaliwa na nani kule Rugera wala kwa nini sikwenda chuo. Hayo yamewapata wengi na hayanikasirishi tena. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi kwenye steshenari ya Ma Koku pale Kituntu. Mbele palikuwa duka: kalamu, madaftari, mashine ya kutoa nakala, na foleni ya watu wenye vyeti vilivyokunjwa mara nne. Nyuma palikuwa chumba cha stoo, na humo ndimo mwaka wangu ulimopita. Kilikuwa na rimu za karatasi zilizopangwa hadi dirishani, kompyuta moja ya mezani, viti viwili visivyolingana kimo, na kuta za matofali ambazo hazikuwahi kupigwa lipu. Mimi na Novatus tulizifunika kuta hizo kwa magunia ya kahawa ili sauti isirudi, na ndiyo maana hadi leo nikiingia studio yenye kuta za sponji naona kuna kitu kinakosekana, mpaka nakumbuka kuwa ni harufu ya kahawa mbichi. Mvua ikinyesha hatukuweza kurekodi kwa kelele za bati. Kuku wa jirani akitaga ilibidi tumsubiri amalize kujitangaza. Ma Koku, mjane wa Kilutheri mwenye sauti ya kwaya, alituletea chakula cha mchana kwenye jani la mgomba, ndizi na maharage siku nyingi, na dagaa siku alizofurahi, na kila alipoingia aliuliza swali lilelile.

"Leo mmeua wangapi?"

"Leo hatujaua, Ma Koku. Tumekufa mara tisa."

"Basi kuleni. Aliyekufa mara tisa lazima ana njaa."

Lazima nieleze tulikuwa tunafanya nini, maana nimechoka kusikia watu wazima wakisema "gemu" kana kwamba wanataja ugonjwa. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, wa watu wa nchi zote. Kila mchezaji ana mhusika wake, na wanne wanaungana kuingia pangoni. Mmoja hubeba ngao na kutangulia ili adui wampige yeye. Wa pili hutibu wenzake, na huyu tulikuwa tunamwita mganga mpaka Ma Koku akalikataa neno hilo chini ya bati lake, tukamwita nesi. Wawili waliobaki hupiga. Ndani ya pango kuna mitego, madaraja ya uongo, milango inayojifunga, na mwishoni kabisa kuna jitu. Mkifa wote mnaanza tena mlangoni. Asiyejua njia huwaponza wenzake watatu, nao humtukana kwa Kiingereza na kumtoa kundini. Video za kuelekeza zilikuwepo nyingi, za Wazungu, za watu wanaokwenda mbio wakijisifu wamemaliza haraka kuliko jana. Mtu wa Kasulu au Tandahimba anayeanza leo alizitazama, akaingia, akafa kwenye mtego wa kwanza, akatukanwa, akazima simu. Hakukuwa na hata moja ya Kiswahili kwa anayeanza. Zetu ndizo zilizokuwa za kwanza nilizoziona, na nasema hivyo bila haya, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema.

Novatus aliingia dukani kununua daftari, mwezi wa kwanza, akanikuta nyuma nikicheza wakati wa mapumziko. Alikuwa mrefu, mwembamba, ameshika fimbo ya kuchungia kana kwamba ng'ombe walikuwa nje wanamsubiri. Alisimama mlangoni akanitazama nikifa mara tatu kwenye daraja moja. Kisha akaiegemeza fimbo kwenye rimu za karatasi, akanyoosha mkono kuelekea kipanya, akaniangalia kuomba ruhusa. Nilimpisha. Alivuka daraja lile akiwa hata hajakaa. Aliujua mchezo ule tangu shule ya bweni, kwenye kibanda cha intaneti nje ya geti, Jumamosi kwa Jumamosi, na sijaona mchezaji mfano wake kabla wala baada. Ila alikuwa na kigugumizi. Kwa ng'ombe alisema kwa Kinyambo bila kukwama, nimemsikia kwa masikio yangu. Kwa watu alikwama. Mbele ya baba yake ndipo alipokabwa kabisa. Hivyo tukapatana bila kikao: yeye mkono, mimi mdomo. Na maneno pia yalikuwa yake, hilo nilisisitize. Aliandika kila kitu kwenye madaftari, kwa mwandiko mdogo wa mwanafunzi mzuri, mimi nikasoma. Watu waliposema dada yule anaeleza vizuri, walikuwa wanamsifu Novatus bila kujua, na mimi nilikuwa napokea.

Baba yake, Mzee Rwekaza, alimpa mwaka mmoja. Alikuwa na ng'ombe wa pembe ndefu wengi wa kutosha kumtaka mwanawe nyumbani, lakini alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alisema: nenda, kama ni kazi nitakuja niione kwa macho yangu msimu wa panzi, senene wakianza kuruka, na nikiona ni kazi mdogo wako atachunga. Nikiona si kazi, unarudi. Novatus alinieleza hayo kwa kuandika nyuma ya daftari, na chini yake akaandika: "Akija, wewe ndiye utakayemweleza." Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka, kama mtu anayekubali kumpisha mwenzake kiti.

Namna yake ya kufundisha ndiyo watu hawakuielewa, na ndiyo inayonichoma. Hakuanza na jitu. Alianza na njia ya kutokea, kwamba mkiona mambo yameharibika mkimbilie wapi. Na kila mahali ambapo anayeanza angekufa, yeye alikufa kwanza. Kwa makusudi. Aliingia kwenye mtego, akaacha umuue, akaamka, akapita tena vizuri. Mimi nikisoma, "Usipite kushoto, kushoto sakafu inafunguka," yeye alikuwa anapita kushoto, anadondoka, ili mtazamaji aone sakafu inavyofunguka na inavyoanza kutikisika sekunde moja kabla. Hakukata hata kifo kimoja kwenye video. Nilimwambia basi tuandike pale chini kwamba unafanya makusudi, watu wajue. Alikataa. Alichukua daftari akaandika, na sentensi hiyo naikumbuka neno kwa neno: "Wakijua ninajifanya, siku wakifa kweli wataona aibu peke yao." Nilimwona mjinga. Nilikuwa nimezoea kuonekana hodari, na sikuelewa mtu anayekubali kuonekana mbovu ili mwingine asione haya.

Jambo lingine lilikuwa salamu. Daftari la kwanza lilisema kabla ya kuingia pangoni msalimieni kila mmoja na msubiri aitikie, na aliyewatangulia mchezoni apewe shikamoo. Huwezi kuingia mahali pa hatari na watu usiojua kama ni wazima. Nikasoma hivyo hivyo. Matokeo yake wanafunzi wetu wakawa wanasimama mlangoni wakiandika shikamoo kwa Wakorea na Wabrazili na kungoja marahaba, huku wenzao wamekwisha kimbia mbele, na wakatolewa makundini kwa mafungu. Nilicheka mpaka nikalia. Novatus hakucheka. Aliandika kwamba tuwaambie watafutane wenyewe kwa wenyewe, na wakatafutana. Ikafika mahali, kufikia msimu wa kuvuna kahawa, ukiona watu wanne wamesimama mlangoni pa pango wakisalimiana, umejua wametoka kwenye magunia yetu. Nesi mmoja, nesi wa kweli wa zahanati, alituandikia: "Nimekufa palepale alipokufa yule kaka, nikajua niko kwenye njia sahihi." Novatus aliinakili sentensi hiyo kwenye daftari. Siku hiyo aliimba njia nzima kurudi alikopanga, na mtu akiimba hakwami.

Lakini wengi hawakuwa nesi yule. Wengi waliandika, "Sista uko vizuri ila huyo jamaa anayecheza mtafutie mbadala." Waliandika, "Mkono wa huyu kaka ni wa kulimia." Waliandika kwamba ananirudisha nyuma, kwamba nina bahati mbaya, kwamba wangenisaidia wao. Watu ambao jana hawakujua mlango wa pango uko wapi, waliofundishwa kuvuka kila daraja na mwili wake, wakaamka asubuhi kumcheka aliyewavusha. Bado ninakasirika. Nimewasamehe watu walionikosea makubwa zaidi, lakini hao wa maoni sijawasamehe, na sina mpango. Novatus aliyasoma yote, polepole, kwa utulivu wa mtu anayehesabu mifugo ikiingia zizini, kisha akafungua daftari jipya. Mimi niliyasoma pia, na hapa nitasema jambo ambalo sijalisema popote. Baada ya miezi kadhaa ya kusoma kila siku kwamba mimi ni hodari na yeye ni mzigo, nilianza kuamini kipande chake. Nilijua si kweli. Nilikuwa na daftari lake mkononi kila nilipofungua mdomo. Lakini sifa ukizinywa kila asubuhi zinakulewesha, na mimi nilikuwa nazinywa kabla ya chai.

Mwezi wa kumi na moja ikaja simu kutoka Dar es Salaam. Bwana mmoja wa kampuni ya vipindi vya mtandaoni, sauti laini, akaniita "mrembo" kabla hajaniona. Walikuwa wanataka sauti yangu. Wangenipa studio, kompyuta mpya, na mchezaji anayekwenda na wakati. Nikamuuliza, na mwenzangu? Akacheka kwa upole. "Mrembo, tumezitazama video. Wewe mwenyewe unaona." Akasema pia nikikubali, zile za zamani zishuke zote mtandaoni, kwa sababu haipendezi chapa mpya kuonekana inakufa kufa. Nilisema nitafikiri. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima kwenye chumba kimoja na Novatus, magoti yakigusana chini ya meza ile, nikimsomea madaftari yake, na sikumwambia. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia ambayo ningebaki mtu mwema. Sikuipata, kwa kuwa haikuwepo.

Na ndani ya wiki hiyohiyo senene wakaanza kuruka.

Mzee Rwekaza aliingia asubuhi ya Alhamisi, koti zito, kofia mkononi, kibuyu cha mtindi kwa ajili ya mwenye nyumba. Duka zima lilinukia senene aliokuwa akiwakaanga Ma Koku uani. Alimsalimia Ma Koku kwa Kinyambo, kwa urefu, akauliza habari za kila mtu na kila mgomba. Kisha akaingia nyuma akakaa kwenye kiti kirefu, akaweka fimbo katikati ya magoti. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona kazi."

Novatus aliwasha kompyuta. Alichagua pango ambalo nesi yule alitusifia, lililo bora kuliko yote, na ndiyo maana lilikuwa na vifo vingi kuliko yote. Video ikaanza. Sauti yangu ikajaza chumba.

"Huyu mwenye ngao ndiye mwanangu?"

"Ndiye, mzee."

Mwenye ngao akaenda kushoto, akadondoka.

"Amekufa?"

"Amekufa, mzee. Ila anaamka."

"Aha." Akasogeza kiti. Mwenye ngao akaamka, akapita, akafika kwenye lango la pili, likamponda. "Amekufa tena."

"Ndiyo, mzee."

"Na anayesema ni wewe."

"Ni mimi."

Akatazama vifo vitano, bila kupepesa, kwa umakini ambao sijauona kwa mtazamaji mwingine yeyote. Alikuwa mtu wa haki, nimesema. Alikuja kuona, na aliona. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo, bila ukali wowote. "Unasema vizuri, binti. Unamwambia usipite kushoto. Yeye anapita kushoto. Unamwambia ngoja lango lifunguke. Yeye hangoji."

Novatus akafungua mdomo. "Ta..." alianza. "Ta... ta..." Mishipa ya shingo ikamtoka, macho yakamjaa maji kwa juhudi, na neno "tata", la kumwita baba, ambalo kila mtoto wa huku hulisema kabla hajaota meno, halikutoka. Akaacha kujaribu. Akageuka akanitazama mimi. Hakunitazama kwa kuniomba. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake zamu iliyokwisha pangwa.

Ilikuwa sentensi moja tu. Mzee, anakufa makusudi ili wengine wajue pa kutopita. Mtoto wa darasa la pili angeisema. Niliifikiria yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ikiwa imenikaa kwenye ulimi. Nikafikiria pia kwamba mzee akimchukua leo, sitalazimika kumwambia kitu. Hakuna atakayesema nilimwacha. Baba yake atakuwa amemchukua. Nikainamia kompyuta nikajifanya natafuta mahali pa kupunguza sauti. Nilipunguza sauti yangu mwenyewe kidogo kidogo, mpaka ikabaki picha tu ya mtu mwenye ngao akidondoka kimya.

"Basi," Mzee Rwekaza alisema. "Nimeona kwa macho yangu." Hakumgombeza. Alimwekea mwanawe mkono begani, na huo mkono ndio uliokuwa mbaya, ulikuwa mkono wa kumhurumia. "Twende, baba. Ng'ombe wanakujua."

Novatus alikusanya madaftari yake, akayafunga kwa kamba ya katani. Hakuniuliza kitu siku hiyo. Miaka miwili baadaye nilimtumia ujumbe mrefu wa kuomba radhi, naye akajibu kwa neno moja: "Yamepita." Najua mtauliza kwa nini yeye mwenyewe hakumweleza baba yake baadaye, hata kwa kuandika. Mzee hasomi. Na mtu aliyekwisha onekana ameshindwa akianza kueleza kwamba alikuwa anashindwa makusudi, nani atamsikiliza? Ndiyo maana alihitaji mdomo wa mtu mwingine. Aliutafuta, akaupata, akauandalia maneno mwaka mzima.

Dar es Salaam sitaieleza. Nilizifuta video zile mwenyewe, moja baada ya nyingine, nikiwa kwenye kiti kipya kinachozunguka. Mchezaji niliyepewa alikuwa mwepesi na hakufa hata mara moja, na watazamaji wakatupenda kwa miezi minne, kisha wakagundua kwamba hawajifunzi kitu. Sikuwa na daftari la kusoma. Nilipotakiwa kueleza kwa maneno yangu nilisema "angalia hapo, fanya kama hivi". Kampuni ikahamia kwenye mapishi. Sauti ikanibakia, na sauti ndiyo inayonilisha hadi leo, natangazia watu sabuni na mbolea kwenye redio. Nikikutana na mtu wa miaka thelathini na kitu anayeniambia, dada, nilijifunza mapango kwako, hunikuta nimenuna, na huondoka akidhani naringa.

Asubuhi baada ya maziko nilimkuta Mzee Rwekaza kibarazani peke yake. Waombolezaji wengine walikuwa wamelala bado kwenye majani sebuleni. Amezeeka, macho yana ukungu, lakini alinijua kwa sauti nilipomwamkia. Akanisogezea kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, nikachukua buni mbili, nikazishika bila kuzitia mdomoni. Nikamwambia. Nilimwambia yote, vifo, nesi, sakafu ya kushoto, simu ya Dar, na sentensi niliyoimeza. Sikujipunguzia hata neno moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa kweli nilikuwa naitamani, nilitaka mtu mwingine anisaidie kuibeba ile niliyokuwa nayo.

Mzee aliinua fimbo yake, akaielekeza bondeni.

"Bondeni kule," alisema, "kabla ya kuingiza ng'ombe kwenye maji, unatangulia wewe na fimbo. Unazama wewe kwanza. Hapa magoti, hapa kiuno, hapa hapafai. Ng'ombe wanakutazama wanavyokutazama. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo ndicho alichokuwa anafanya."

"Ndicho."

"Nionyeshe." Aliugeuza uso wake kwangu. "Una simu. Nionyeshe nimwone tena, sasa nitajua ninachokitazama."

"Hazipo, mzee. Zilifutwa."

"Nani amezifuta?"

"Mimi."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. Nikasubiri anitukane, anifukuze, aite watu. Alipangusa macho kwa kiganja.

"Siku ile ningekuamini," alisema. "Neno moja tu, na ningekuamini. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, nikimhurumia."

Zizini ng'ombe walikuwa wanalia. Saa ya kuwafungulia ilikuwa imepita, na hakuna aliyekuwa amekwenda. Mzee Rwekaza aliinuka kwa kujishikilia ukutani, akakataa mkono wangu, akaenda kuwafungulia mwenyewe.